Tusisifu Mabawa Tukasahau Matope

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, walimu, vijana, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitwitwi na ndugu zao, wale ndege wa miguu myembamba wanaokimbia ukingoni mwa maji bahari inapokupwa. Mzungumzaji akipewa mada hii huanza na safari zao, na mimi sitawanyima hadithi hiyo. Oktoba 2022, kinda mmoja wa jamii ya sululu, wa aina ambayo wataalamu huiita Limosa lapponica, aliruka kutoka Alaska akiwa amefungwa kifaa kidogo cha setilaiti. Umri wake ulikuwa miezi mitano hivi. Siku 11 baadaye akatua Tasmania, kusini mwa Australia. Kilomita 13,560. Njiani hakutua popote, maana ndege hawa hawakuumbwa kulala juu ya mawimbi. Hakula, hakunywa. Na alikuwa hajawahi kusafiri hivyo maishani mwake.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na ilistahili kuzunguka. Ila kila ninapoisikia ikisimuliwa, naona sifa zote zinaishia angani. Tunahesabu kilomita, tunahesabu siku, tunashangilia. Ni wachache wanaouliza yule kinda alishiba wapi kabla hajaruka, na alipotua akiwa mifupa na manyoya alikuta nini cha kula. Nami nimekuja kuwaambia kwamba maisha ya ndege hawa yote huamuliwa chini: kwenye tope, kwenye mchanga, kwenye ile ardhi ambayo ramani nyingi za mipango huiandika kuwa ni tupu. Bawa hata liwe zuri kiasi gani haliwezi kumfaa ndege aliyekosa pa kutua.

Basi naomba tuwe chini pamoja nao.

Tuanze na namna wanavyokula, maana hapo ndipo unapowajua nani ni nani. Vitwitwi wa kweli, wale wa familia ya Charadriidae, ni zaidi ya aina 60 duniani. Wana kichwa cha mviringo, mdomo mfupi na macho makubwa. Wawindaji wa macho hawa. Mtazame mmoja kwa dakika chache tu. Anakimbia hatua kadhaa, miguu haionekani kwa kasi. Anasimama ghafla. Ametulia tuli, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja. Halafu anainama, anadonoa, anavuta mnyoo uliokuwa umetoa ncha tu juu ya tope. Anakimbia tena, anasimama tena. Ukiwa karibu zaidi utaona jambo ambalo watu wengi hawajaliona: mguu mmoja umenyooshwa mbele na unatetemeka juu ya tope laini, haraka haraka, kana kwamba ndege ana baridi. Hana baridi. Anawasumbua wadudu na minyoo walio chini ili wajisogeze, na wakijisogeza tu ameshawaona. Macho yale makubwa ndiyo pia yanayomwezesha kula usiku. Bahari hupwa usiku kama inavyopwa mchana, na kitwitwi mwenye njaa hangoji jua lichomoze.

Sululu na wenzao wadogo, wa familia ya Scolopacidae, wamechukua njia nyingine. Mdomo wao ni mrefu, na wengi wao hula kwa kupapasa. Ncha ya mdomo imejaa mishipa ya fahamu, na wengi wanaweza kufungua ncha peke yake huku sehemu ya mdomo iliyo karibu na uso imefumbwa, ndani kabisa ya tope, wakakamata kitu wasichokiona. Kuna mmoja anaitwa Calidris canutus, ndege wa ukubwa wa wastani ambaye kifua chake hugeuka rangi ya matofali msimu wa kuzaliana. Watafiti wa Uholanzi walifanya naye jaribio wakalichapisha mwaka 1998. Walifukia vijiwe kwenye mchanga wenye maji, vijiwe visivyo na harufu ya chakula, visivyosogea. Ndege yule akachomeka mdomo na kutambua kwamba kuna kitu kigumu pale chini, hata pale ambapo mdomo wenyewe haujakigusa. Maelezo yao ni kwamba mdomo ukizama kwenye mchanga wenye maji husukuma maji yaliyo kati ya chembe za mchanga, na kitu kigumu kikiwa jirani huyazuia yale maji, na ncha ya mdomo huhisi tofauti ile ya msukumo. Kwa hiyo anatafuta chaza na kome waliofukiwa kwa kuyasikiliza maji.

Nawaomba mlikumbuke hilo la mchanga wenye maji. Ukiukausha, uwezo ule wote hauna kazi.

New Zealand yupo kitwitwi mwingine, Anarhynchus frontalis, ambaye mdomo wake umepinda kwenda kulia. Wote, siku zote, kulia. Huuingiza chini ya mawe ya mviringo kwenye mito mipana ya Kisiwa cha Kusini na kukombeleza wadudu walioshikamana na jiwe upande wa chini. Hakuna ndege mwingine duniani mwenye mdomo wa namna hiyo. Nimemtaja kwa sababu nampenda, na kwa sababu anaonyesha jinsi ardhi inavyoweza kumchonga kiumbe hata kwenye mfupa wa uso wake.

Sasa tope lenyewe. Lichukue kiganjani ulitazame. Juu kabisa lina utando mwembamba unaoteleza, rangi yake kati ya kijani na kahawia. Utando ule ni mwani mdogo usioonekana kwa macho, pamoja na bakteria na ute wao. Kwa muda mrefu wataalamu hawakuuhesabu kuwa chakula cha ndege. Halafu mwaka 2008 ikachapishwa kazi iliyofanywa kwenye delta ya mto Fraser, Kanada, ikionyesha kwamba Calidris mauri, ndege mdogo kabisa, huulamba utando ule kwa ulimi wenye vinywele, na kwamba sehemu kubwa ya nguvu zake za siku hutoka humo. Chini ya utando wapo konokono wadogo kama punje, minyoo, uduvi, kaa wachanga, chaza. Wanaoliita tope hilo ardhi isiyo na kitu hawajainama.

Na chakula hicho hakipatikani saa zote. Bahari ikijaa, meza imefunikwa. Watu wa pwani wanaofuata maji wanalijua hili kuliko profesa yeyote: wakati wa bamvua maji hupwa mbali na eneo kubwa hufunuka, na wakati wa maji mafu hufunuka kidogo tu. Ndege hawa wanaishi kwa kalenda hiyo hiyo. Wana saa chache kila kupwa, na katika saa hizo lazima wale cha kuwatosha hadi kupwa kunakofuata. Maji yakijaa hukusanyika mahali pakavu, kwenye ulimi wa mchanga au mabwawa ya chumvi, wamesimama kwa mguu mmoja, mdomo chini ya bawa, wanangoja. Mtu akipita hapo na mbwa, au na pikipiki, kundi zima huruka, huzunguka, hutua, huruka tena. Kwa mtazamaji ni mandhari ya kupendeza, na wengi huwarusha makusudi ili wapige picha. Kwa ndege ni mafuta ya mwilini yanayochomwa bure, mafuta aliyoyatafuta punje kwa punje.

Mafuta ndiyo kila kitu katika maisha ya ndege huyu. Kabla ya safari ndefu, Limosa lapponica hula hadi mafuta yanafikia karibu nusu ya uzito wake. Kisha mwili wake hufanya jambo ambalo bado linanishangaza: tumbo, matumbo na ini hupungua, kwa kuwa angani havitakuwa na kazi na ni mzigo. Moyo na misuli ya kifua huongezeka. Anaruka akiwa ameupunguza mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana akitua hawezi kusubiri. Vyombo vyake vya kusaga chakula vinapaswa kujengwa upya, na vinajengwa kwa chakula kilichopo pale alipotua, siku hiyo hiyo na zinazofuata. Akikuta ukuta wa zege hana akiba ya kutafuta pengine.

Tuchukue Ghuba ya Delaware, Marekani. Kila Mei, mnyama wa baharini mwenye gamba lenye umbo la kwato ya farasi, ambaye wataalamu humwita Limulus, hutoka majini usiku wa bamvua na kutaga mayai kwenye fukwe za ghuba ile. Mayai yale ni madogo na yamejaa mafuta. Yule Calidris canutus niliyewaeleza, anayetoka hadi Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika, akienda kuzaliana Aktiki ya Kanada, hufika pale mwili umekwisha. Katika muda wa wiki mbili hivi huweza kuongeza uzito wake karibu mara mbili. Kuna mmoja, aliyejulikana kwa alama B95, aliyevalishwa pete huko Argentina mwaka 1995 na akawa anaonekana hadi 2014. Kwa kukadiria safari zake, alikuwa ameruka umbali wa kutoka hapa hadi mwezini na sehemu ya njia ya kurudi.

Sasa, miaka ya 1990 watu walianza kumvua Limulus kwa wingi mno, kumfanya chambo. Mayai yakapungua fukweni. Ndege waliohesabiwa pale ghubani walikuwa zaidi ya 90,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki 15,000 hivi. Jimbo la New Jersey lilisimamisha uvuvi huo mwaka 2008, na mwishoni mwa 2014 serikali ya Marekani ikamwingiza ndege huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini. Hakuna aliyempiga risasi pale ghubani. Hakuna aliyemharibia kiota. Aliondolewa mlo mmoja, katika wiki mbili za mwaka, na hiyo ikatosha.

Mahali palipoumia kuliko pote ni Bahari ya Njano, kati ya China na rasi ya Korea. Ndege wanaosafiri kati ya Alaska na Siberia kwa upande mmoja, na Australia na New Zealand kwa upande wa pili, wengi wao hawana budi kupita pale wakienda kaskazini. Mwaka 2007 jike mmoja wa Limosa lapponica, aliyejulikana kwa alama E7, alifuatiliwa kwa setilaiti. Kurudi kusini aliruka zaidi ya kilomita 11,500 moja kwa moja, Alaska hadi New Zealand, kwa siku 8 hivi. Magazeti yakaandika hilo. Kwenda kaskazini, miezi kadhaa kabla, aliruka zaidi ya kilomita 10,000 akatua Yalu Jiang, mpakani mwa China na Korea Kaskazini, akakaa hapo zaidi ya mwezi akila. Hilo halikuandikwa sana, kumbe ndilo lililomfikisha.

Katika muda wa miaka 50 hivi, Bahari ya Njano ilipoteza matope yake ya kupwa na kujaa kwa kiasi kinachokadiriwa kufikia asilimia 65. Yalijazwa kifusi yakawa viwanda, bandari, mabwawa ya samaki, mashamba. Huko Saemangeum, Korea Kusini, ulijengwa ukuta wa kilomita 33 kuziba midomo ya mito miwili, na Aprili 2006 ukafungwa. Eneo la kilomita za mraba zipatazo 400 likakatwa na bahari. Mmoja wa walioathirika zaidi ni Calidris tenuirostris, ambaye alikuwa akifika pale kwa makumi ya maelfu.

Ukisikiliza mijadala ya wakati kama ule, na bado inaendelea sehemu nyingi, utasikia neno moja likirudiwa: ndege wana mabawa, watahamia jirani. Ni neno linaloingia akilini kwa urahisi, kwa hiyo naomba tulijibu vizuri. Kwanza, jirani kuna wenyewe. Tope lililo zuri tayari lina ndege wanaolila, na chakula chake hakiongezeki kwa kuwa wageni wamefika. Pili, jambo hilo lilipimwa. Baada ya Saemangeum, ndege waliokosekana pale hawakuonekana wakiongezeka sehemu nyingine za Korea kwa idadi ya kufidia. Na Australia, ambako ndege hao hao hukaa miezi mingi ya mwaka, idadi ikashuka. Watafiti walipofuatilia aina tatu kwa pete za rangi miguuni, waligundua kwamba wakiwa kaskazini magharibi mwa Australia waliendelea kuishi vizuri kama zamani. Vifo vilizidi katika sehemu ya mwaka ambayo hawako Australia, katika miaka ile ile ambayo matope ya Bahari ya Njano yalikuwa yakitoweka. Hawakuhamia jirani. Walikufa.

Lakini nisiwaache hapo, maana kilichofuata kinanipa nguvu ya kusimama mbele yenu. Mwaka 2018 China ilitangaza kusitisha ujazaji wa pwani kwa miradi ya kibiashara. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza maeneo ya pwani ya Bahari ya Njano na Ghuba ya Bohai katika Urithi wa Dunia, yakatanuliwa 2024. Matope ya Korea Kusini yakaingizwa 2021. Fikirini: tope, lile lile lililokuwa likiitwa ardhi ya kungoja kifusi, limewekwa kwenye orodha moja na mahekalu na piramidi. Bahari ya Wadden, inayogawanywa na Uholanzi, Ujerumani na Denmark, ilikuwa imetangulia kuanzia mwaka 2009, na Banc d'Arguin ya Mauritania mapema zaidi, 1989, ambako zaidi ya ndege milioni mbili wa namna hii hupitisha majira ya baridi ya kaskazini.

Hata hivyo kulinda kituo kimoja hakutoshi, na Mauritania hiyo hiyo ni ushahidi. Aktiki inapata joto na theluji inayeyuka mapema. Wadudu hufikia kilele cha wingi wao kabla makinda wa Calidris canutus hawajafikia umri wa kuwahitaji, kwa hiyo makinda wanakua wadogo, na midomo mifupi. Wanasafiri hadi Banc d'Arguin, mahali palipolindwa vizuri, na pale chakula kizuri ni chaza waliofukiwa kina kirefu kidogo. Mdomo mfupi hauwafikii. Watafiti waliochapisha kazi hiyo mwaka 2016 waligundua kuwa vijana wenye midomo mifupi hawaishi sana wakifika pale. Theluji imeyeyuka kaskazini, kinda amekufa njaa kwenye jua la kusini. Ndege huyu ni nyumba iliyosimama juu ya nguzo tatu au nne zilizo katika mabara tofauti, na hakuna mwenye nguzo moja anayeweza kusema nyumba si yake.

Wapo tuliokwisha kuwapoteza. Sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyekuwa akizaliana Siberia na kushuka hadi Mediterania, alionekana kwa uhakika mara ya mwisho Februari 1995 huko Merja Zerga, Moroko. Watu walimtafuta kwa miaka 30. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, ikamtangaza rasmi kuwa ametoweka. Sululu wa Amerika Kaskazini, Numenius borealis, alipigwa risasi kwa makundi karne ya 19 akauzwa sokoni kwa mapipa, na hakuna aliyethibitishwa kuonekana tangu 1963. Siwezi kuyataja majina haya mawili haraka haraka nikapita. Wa kwanza alikuwa bado yuko hai wengi wetu hapa tukiwa tumeshazaliwa.

Sasa nihamie kwenye mayai, maana si wote wanaozaliana mbali kule Aktiki. Vitwitwi wengi hutaga pale pale ufukweni, au kando ya mto, au uwanjani, na hapa kila mmoja wetu anahusika moja kwa moja.

Kiota cha kitwitwi ni tundu dogo lisilo na kina ambalo dume hulichimba kwa kifua na miguu. Wakati mwingine ndege huweka vipande vya kombe au vijiwe pembeni, basi. Mayai huwa mawili, matatu au manne, rangi ya mchanga, yenye madoa meusi na ya kahawia. Yakiwa manne huyapanga ncha zikielekea katikati ili yaenee chini ya tumbo. Unaweza kuoneshwa kwa kidole yalipo, ukageuza macho, ukarudi usiyaone. Ulinzi wao ni huo tu, kutoonekana. Utafiti uliofanywa Zambia ulionyesha kwamba ndege wa namna hii huchagua kutaga mahali panapofanana na rangi yao wenyewe au ya mayai yao. Kitwitwi mmoja wa Afrika, Charadrius pecuarius, akishtushwa hupiga teke mchanga na kuyafunika mayai yote kwa sekunde chache kabla ya kuondoka.

Ndugu zao wana mbinu za kwao. Ndege aitwaye Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mzito wa kupasulia kaa, hutaga ndani ya shimo alilolichimba mchangani kwenye fukwe za Bahari ya Arabuni na Bahari ya Shamu, na joto la ardhi humsaidia kuatamia. Pluvianus aegyptius, wa kando ya mito ya Afrika, huyafukia mayai mchangani, na jua likiwa kali huenda majini, akalowesha manyoya ya tumbo, akarudi kuyalalia yapoe. Huyo ndiye anayesimuliwa tangu enzi za Wagiriki wa kale kwamba huingia kinywani mwa mamba kumsafisha meno. Ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo haupo, na nasikitika kwamba watu wengi wanamjua kwa hilo peke yake, wakati kazi yake ya kweli ya kubeba maji kwa tumbo ni kubwa kuliko hadithi.

Makinda ya kitwitwi hutoka kwenye yai yakiwa na manyoya laini na macho wazi, na siku hiyo hiyo yanakimbia na kujitafutia chakula. Wazazi huwapa joto na ulinzi. Hatari ikija, mzazi hupiga mlio mmoja na kinda hujilaza mchangani, shingo imenyooka, hajongei hata ukimkaribia kabisa. Ndiyo maana gari linalopita ufukweni huwaua bila dereva kujua. Ndiyo maana pia watu wema huokota kinda wakidhani ameachwa, wakaenda naye nyumbani, wakamuua kwa huruma. Hajaachwa. Mzazi yuko umbali mfupi anakutazama.

Na mzazi huyo ana mbinu ambayo huenda mmewahi kuiona msijue ni nini. Anakimbia mbele yako akiburuta bawa moja, mkia umetandazwa, analia, anajikwaa. Ni mnyonge kabisa, unaona ukinyoosha mkono utamshika. Ukimfuata anasogea kidogo, unafuata, anasogea. Ukishafika mbali vya kutosha anaruka, mzima wa afya. Alikuwa anakutoa penye mayai. Yule wa Amerika Kaskazini, Charadrius vociferus, hutofautisha hata adui. Mbweha humchezea mchezo wa bawa lililovunjika, lakini ng'ombe, ambaye hali mayai ila anaweza kuyakanyaga, humkabili uso kwa uso akitandaza mkia na kupiga kelele hadi ng'ombe akate kona.

Ukimwona kitwitwi anaburuta bawa, basi, simama. Tazama miguu yako inakokanyaga. Geuka, rudi ulikotoka ukifuata nyayo zako mwenyewe, maana hapo unajua hukukanyaga yai. Usitafute kiota ili ukipige picha kwa simu. Kila dakika unayosimama pale mayai yako juani bila kivuli cha mzazi, na kunguru anakutazama wewe ili ajue alipo mlo wake.

Je, juhudi ndogo kama hizo zina maana? Kitwitwi wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Charadrius melodus, alikuwa amebaki jozi zisizofika 20 miaka ya 1980. Watu walianza kuzungushia viota uzio wa waya wenye matundu ya kumpitisha mzazi na kumzuia mbweha, wakafunga vipande vya fukwe msimu wa kutaga, wakawafunga mbwa kamba, wakajipangia zamu za kukaa na kuwaelewesha wapita njia. Mwaka 2019 jozi moja ilitaga katika ufukwe wa Montrose, ndani ya jiji la Chicago, kwenye mchanga unaokanyagwa na maelfu ya watu. Kiota cha kwanza kilitishiwa na maji ya ziwa yaliyopanda. Wakataga tena. Tamasha la muziki lililopangwa kufanyika ufukweni hapo Agosti lilifutwa, na makinda wakakua hadi wakaruka. Mmoja wa watoto wao wa mwaka 2021, waliyempa jina la Imani, alirudi ufukwe ule ule, na 2024 akawa na kiota chake hapo. Mwaka huo jozi za Maziwa Makuu zilikuwa zimepita 80. Bado ni wachache. Lakini kutoka chini ya 20 hadi 80 ni kazi ya mikono ya watu wa kujitolea, wengi wao wasio na shahada yoyote ya ndege.

Ninao ujumbe mmoja zaidi, kwa wale ambao siku moja wataitwa kwenye kikao cha kujadili mradi wa pwani: bandari, hoteli, barabara, mabwawa. Mtaletewa ripoti ya athari za mazingira, na ndani yake kutakuwa na ukurasa unaosema ndege waliokutwa eneo la mradi ni wachache. Msibishane na ripoti. Ulizeni maswali. Walihesabu mwezi gani? Maana ndege wa kupita huweza kuwa maelfu kwa wiki tatu na kisha wasiwepo hata mmoja. Walihesabu maji yakiwa yamekupwa au yamejaa, bamvua au maji mafu? Kuna aliyekwenda usiku? Wanapolala ndege hao bahari ikijaa pamewekwa kwenye ramani, au pamewekwa maegesho ya magari? Kuna aliyelichota tope akatazama kilichomo? Maswali haya hayahitaji fedha wala cheo, na mvuvi au mchota chaza aliye kikaoni anaweza kuyauliza vizuri kuliko mtaalamu, kwa sababu yeye anajua ufukwe ule unavyofunuka. Na mkijibiwa kwamba walikwenda siku moja, asubuhi, maji yakiwa yamejaa, waambieni warudi wakahesabu upya kabla kikao hakijasaini chochote.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.